Tairi Gani kwa Tope Gani: Njia ya Jinja, Mbale na Miteremko ya Elgon

Mtu akiondoka Jinja alfajiri kwa pikipiki kwenda Mbale, kisha akaendelea kupanda hadi Bududa, huwa amepita juu ya ardhi za kila namna kabla ya adhuhuri. Huanza na lami ya barabara kuu, ile inayobeba malori ya mizigo kutoka Malaba na Busia, lami iliyosuguliwa na magurudumu mpaka inang'aa. Akishapita Iganga, pale Nakalama, huiacha barabara kuu na kushika ile ya Tirinyi, inayokatiza vinamasi vya Mto Mpologoma na mashamba ya mpunga. Baada ya kilomita 140 na ushei yuko Mbale, chini ya ukuta wa mawe wa Wanale. Akiiacha lami na kuanza kupanda vijijini, anakutana na udongo mwekundu wa volkeno ambao mvua ikiupiga kidogo tu huteleza kama sabuni.

Njia yote hiyo huipita kwa matairi yale yale mawili.

Mengi husemwa juu ya waendesha boda boda: kofia ngumu, leseni, mwendo wa kasi, abiria watatu kwenye kiti kimoja. Tairi halitajwi sana, ilhali pikipiki yote, na dereva wake, na mama aliyembeba mtoto nyuma, na gunia la kahawa, vinashikwa na ardhi katika sehemu mbili tu, kila moja ikiwa na upana usiozidi kiganja cha mkono. Sehemu hizo zikipoteza mshiko, leseni haisaidii. Ndiyo maana mazungumzo ya leo yanahusu jambo moja: namna ya kulichagua tairi kwa udongo wa njia, kwa sababu wengi hulichagua kwa bei au kwa sura.

Kuna nchi ambako swali hili limeulizwa kwa miaka mingi, ingawa huko hakuna tope la mfinyanzi. Katika jimbo la Quebec, nchini Kanada, kijiji cha Valcourt kilikuwa na fundi wa magari aliyeitwa Joseph-Armand Bombardier. Majira ya baridi ya mwaka 1934 mwanawe mdogo, Yvon, aliugua ugonjwa wa tumbo. Barabara zilikuwa zimefunikwa na theluji, hospitali ilikuwa mbali, na mtoto akafa. Bombardier alikuwa amekwisha kuhangaika na magari ya kupita juu ya theluji tangu ujana wake. Baada ya msiba huo kazi ikawa haina mchezo. Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno linalozungusha mkanda wa mpira, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa pikipiki ndogo ya theluji iliyoitwa Ski-Doo.

Wenye pikipiki hizo mpaka leo hubishana juu ya mkanda, kwa sababu theluji nayo ina tabia zake. Kwenye njia iliyoshindiliwa ikawa ngumu, mkanda wa meno mafupi, yapata sentimita mbili na nusu, hukimbia vizuri na kufunga breki vizuri. Kwenye theluji laini ya milimani, inayoweza kummeza mtu mpaka kiunoni, mkanda huo huchimba shimo na kuzama. Huko hutakiwa mkanda mrefu zaidi, ili uzito utawanyike, wenye meno ya sentimita sita, saba au zaidi. Lakini mkanda huo wa milimani ukipelekwa kwenye barafu ngumu, meno yake marefu hupinda na kupoteza mshiko, na reli za plastiki ambazo mkanda huteleza juu yake hupata moto, maana hakuna theluji iliyolegea ya kuzipoza. Mkanda haubadilishwi njiani. Anayeununua anachagua kwa msimu mzima, na ni lazima ajue atakuwa wapi siku nyingi zaidi.

Hali ya boda boda wa Mbale ni hiyo hiyo. Hana gari la kumfuata na matairi ya akiba. Jozi aliyoifunga kwa fundi ndiyo atakayoamka nayo kesho, mvua inyeshe isinyeshe.

Tuanze juu, mlimani, kwa sababu huko ndiko kosa linakougharimu mwili. Elgon ni volkeno ya kale iliyozimika, na kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321. Majivu na mawe yake yamekuwa yakioza kwa mamilioni ya miaka mpaka yakatoa udongo mzito wenye rutuba, ule unaolisha kahawa ya Arabika na migomba ya Wagisu. Udongo huo ukijaa maji hupoteza mshikamano wake. Wakazi wa Bududa wanaujua vibaya: tarehe 1 Machi 2010 upande wa mlima uliporomoka na kukifunika kijiji cha Nametsi, na Oktoba 2018 maji, mawe na tope vikashuka tena Bukalasi. Hali ile ile inayousukuma mlima mzima ndiyo, kwa kipimo kidogo, inayoitelezesha pikipiki kando ya njia.

Tope la mfinyanzi lina mambo mawili kwa wakati mmoja: juu linateleza, na likishikwa linanata. Tairi la mistari midogo midogo, kama yale ambayo pikipiki nyingi huja nayo kutoka dukani, hujaa tope katika mistari yake ndani ya mizunguko michache. Kuanzia hapo halina meno tena. Ni duara laini la udongo linalozunguka juu ya udongo. Hata tairi lenye meno makubwa hushindwa ikiwa meno hayo yamebanana. Kinachohitajika ni meno marefu yenye nafasi kubwa kati yake, ili gurudumu likizunguka kwa nguvu lirushe tope nje na jino lifike chini likiwa safi. Anayetafuta tairi la Bududa, la Bulambuli au la njia za juu ya Wanale apime nafasi hizo kwa kidole. Kidole kisipopenya vizuri kati ya jino na jino, tope nalo likiingia halitoki.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa huko wanalijua vyema: madigadi ya mbele. Pikipiki nyingi za kibiashara zimetengenezwa na madigadi iliyolala karibu sana na tairi. Tope la mfinyanzi huingia pale katikati, hukandamizwa, na mwisho gurudumu la mbele hugoma kuzunguka kabisa, mara nyingi kwenye mteremko. Kuinua madigadi, au kufunga ya juu, ni sehemu ya kuchagua tairi la tope. Meno marefu yasiyo na nafasi ya kuzunguka huleta balaa kubwa kuliko kipara.

Shuka sasa mpaka bondeni, upande wa Butaleja na skimu ya mpunga ya Doho, kando ya Mto Manafwa. Huko tope ni jingine. Njia nyingi zina maji na uji wa tope juu, na chini yake pana ardhi ngumu iliyokanyagwa miaka na miaka. Hapo tairi jembamba lina faida: hukata uji huo na kufikia pagumu. Wengi hudhani tairi pana ndilo bora kwa tope lolote, na hivyo sivyo. Tairi pana hufaa pale ambapo hakuna chini, ambapo ukizama unaendelea kuzama, kama kwenye kingo za kinamasi au mchanga mwingi. Mpanda pikipiki ya theluji anaijua hesabu hiyo, kwa kuwa theluji kidogo juu ya barafu na theluji ya kina kirefu hutaka vitu tofauti. Anayepita tope la bondeni aulize kwanza kama lina sakafu.

Busoga, kuanzia Jinja kuelekea Mayuge, Luuka na Kamuli, ni nchi ya changarawe nyekundu na miwa. Kiangazi, vijiwe vya mviringo hukaa juu ya ardhi ngumu na kuviringika chini ya tairi, hasa kwenye kona na penye matuta-matuta yaliyochongwa na magari. Hapa meno marefu hayana kazi. Tairi la meno ya wastani, yenye kingo kali na yaliyokaribiana kiasi, hushika vizuri zaidi na halitikisi mikono ya dereva. Msimu wa miwa kuna hatari ya ziada ambayo haisemwi vya kutosha: matrekta yanayotoka mashambani kuelekea kiwandani Kakira hubeba udongo kwenye magurudumu yao na kuuacha barabarani. Manyunyu yakishuka, lami pale inakuwa na ngozi ya tope. Dereva anayetoka penye lami safi kwa mwendo wake wa kawaida haoni tofauti mpaka amekwisha kuanguka.

Na lami yenyewe? Wengi huiona rahisi, lakini ndiyo yenye malori. Tairi la meno makubwa kwenye lami huigusa barabara kwa ncha za meno tu, na katikati ya ncha hizo ni hewa. Mpira unaogusa ni mdogo, na ukilazimika kufunga breki ghafla mbele ya lori, hasa lami ikiwa imelowa, umbali wa kusimama huongezeka. Meno hayo hupindapinda kwenye kona, na lami huyala haraka, ya katikati kwanza. Kijana wa Jinja anayebeba abiria kutoka Soko Kuu hadi Bugembe siku nzima, akafunga tairi la mashindano ya tope kwa sababu linaonekana la kiume, amelipa fedha zaidi ili awe katika hatari zaidi. Ni afadhali tairi la mistari iliyopangwa vizuri, yenye kina, inayofukuza maji pembeni.

Basi huyu wa safari ndefu, wa Jinja mpaka Bududa, afanye nini? Atalazimika kukubali hasara upande mmoja. Anayelala Mbale mjini na kupanda mlima mara chache anafaa kufunga tairi la kati, lile la meno mapana ya mraba yasiyo marefu sana, na siku ya mvua kubwa akatae safari ya juu. Anayeishi juu na kushuka mjini kuuza au kununua achague tairi la mlimani, kisha apunguze mwendo akifika kwenye lami. Juu ya lami mwendo mdogo unaweza kufidia kasoro ya meno marefu, lakini juu ya tope la mfinyanzi penye mteremko hakuna mwendo unaoweza kufidia tairi lisiloshika. Hilo ndilo linaloamua.

Wapo wanaofunga tairi zuri nyuma na kuliacha la mbele liishe, kwa hoja kwamba la nyuma ndilo linalosukuma. Kwa kupanda wako sahihi. Kwa kuteremka wamekosea. Gurudumu la nyuma likiteleza, dereva mzoefu huweza kulirudisha kwa mwili na kwa mafuta. La mbele likiteleza, mara nyingi habari imekwisha. Fedha zikitosha tairi moja tu jipya na la mbele limechakaa, anza na la mbele.

Linafuata suala la upepo, ambalo halina gharama kubwa ila geji. Tairi likipunguzwa upepo kidogo hutanuka pale linapogusa ardhi, na meno mengi zaidi hufanya kazi. Mlimani, kwa mwendo mdogo na mzigo mwepesi, hilo husaidia kweli. Lakini tairi lenye tyubu likilegea mno hugeuka juu ya rimu, na valvu hung'olewa. Kwenye mawe nalo hubanwa mpaka tyubu ikatoboka pande mbili. Na ukirudi kwenye lami na abiria, upepo lazima urudishwe, maana tairi legevu lenye mzigo hupata moto na kuharibika ubavu. Watengenezaji wa pikipiki hutaja upepo mwingi zaidi nyuma pale dereva anapobeba mtu. Kipimo hicho kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na kwenye pikipiki nyingine kimebandikwa karibu na cheni. Kupima kwa kupiga teke hakuonyeshi kitu.

Ubavu wa tairi nao una habari nyingi. Chukua Boxer, pikipiki inayoonekana katika kila stendi ya Uganda. Utakuta namba kama 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma: ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Mara nyingi hufuata namba nyingine, kwa mfano 50P. Hiyo 50 ni alama ya uzito, na katika jedwali la kimataifa maana yake ni kilo 190, uzito wa juu ambao tairi hilo limeundwa kubeba. Sasa piga hesabu. Kiasi cha nusu ya uzito wa pikipiki hukaa nyuma, tuseme kilo 60. Sehemu kubwa ya mwili wa dereva, tuseme kilo 45. Ongeza magunia mawili ya kahawa ya kilo 60 kila moja, yaliyofungwa nyuma kabisa. Umefika kilo 225. Tairi halitapasuka hapo hapo, na ndiyo sababu watu huamini linaweza. Linachakaa kwa ndani, nyuzi zake zinakatika, na siku litakapopasuka huenda limebeba mtu.

Kuna pia namba nne zilizozungushiwa mstari, kwa mfano 2319. Maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, hukauka na kuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa. Tairi linalong'aa kwa mafuta ya kupaka linaweza kuwa la miaka minane. Pia kuna mshale wa mwelekeo wa kuzunguka. Tairi la tope likifungwa kinyume, meno yake hulikusanya tope badala ya kulirusha.

Mahali ambapo fedha hazitoshi, watu wamebuni njia zao. Wapo wanaofunga minyororo au kamba kuzunguka tairi la nyuma wakati wa mvua, wakiipitisha kati ya spoku. Kwa kupanda polepole njia fupi yenye tope la mfinyanzi, minyororo inashika kweli, na waliotumia malori na Land Rover za zamani waliitumia vivyo hivyo. Lakini lazima ikazwe sawasawa, isiguse cheni wala breki, na ivuliwe pale lami inapoanza. Njia nyingine, ya kulichonga upya tairi lililokwisha kwa kisu cha moto ili lionekane lina meno, haifai kabisa. Anayechonga anakata mpira wa mwisho uliobaki juu ya nyuzi. Tairi huonekana jipya mbele ya askari na mbele ya abiria, na ni bovu kuliko lilivyokuwa asubuhi.

Afrika Mashariki ina historia ya kulipa suala la matairi heshima yake. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa miaka mingi iliendeshwa msimu wa Pasaka, wakati wa masika, na katika miaka yake ya mwanzo ilichukua kilomita elfu kadhaa za vumbi na tope. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka 1945, aliishinda mara tano: 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Timu za mashindano hayo ziliweka matairi ya aina mbalimbali njiani na watu wa kutazama mawingu. Ujuzi huo haukubaki kwa madereva wa mashindano peke yao. Mzee yeyote aliyewahi kuendesha lori la kahawa kwenye miteremko ya Bugisu atakueleza ni saa ngapi za kungoja baada ya mvua kabla njia haijakauka vya kutosha.

Kungoja, kwa kweli, ni sehemu ya ujuzi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, ikaua watu na kubeba magari. Hakuna meno ya tairi yanayoshindana na maji yanayokwenda kasi. Maji yakivuka barabara na huioni ardhi, zima injini usubiri.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya wale wanaobebwa. Karibu na mwaka 2010, Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Makerere ilifanya mpango Kamuli na Pallisa, wilaya mbili za mashariki: wajawazito walipewa vocha za usafiri na za huduma, na usafiri wenyewe ulikuwa hasa boda boda. Idadi ya waliojifungulia vituoni iliongezeka zaidi ya mara mbili. Ilithibitika kwamba kati ya nyumba na mkunga kulikuwa na barabara, na aliyeivuka barabara hiyo alikuwa kijana mwenye pikipiki. Bombardier alimpoteza mwanawe kwa kukosa chombo cha kupita juu ya theluji. Mama wa Bukalasi anacho chombo. Kilichobaki ni kiwe na mpira unaoshika.

Kwa hiyo vyama vya waendesha boda boda wa Mbale, Bududa, Manafwa na Bulambuli vinaombwa vilete matairi ya mlimani kwa jumla, yenye namba za miaka ya karibuni, na kuwauzia wanachama kwa awamu kabla ya mvua za Machi. Vyama vya ushirika vya kahawa, kuanzia Bugisu Cooperative Union iliyopo tangu 1954, vinaweza kusaidia, kwa kuwa kahawa yao nayo hushuka kwa pikipiki hizo hizo. Wilaya zinazowalipa boda boda kubeba wagonjwa ziyakague matairi yao kwa mkono kabla ya kusaini mkataba. Na wewe abiria, kabla hujapanda pale stendi, inama uangalie tairi la mbele. Ukiona kipara, mwambie dereva kwa upole, kisha chukua pikipiki nyingine.